Lava ilipoingia Ziwa Kivu: kwa nini maji ya kina hayakupinduka, 2002

Kisa hiki ni cha Goma, mashariki mwa Kongo, Januari na Februari 2002. Mji, mlima na ziwa havifichiki, kwa hiyo nimeviacha na majina yao. Majina ya wapimaji, viongozi na wakazi yameondolewa. Nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya maji na watu wa idara za maafa, maana swali lililowakabili wakazi wa Goma juma lile, kama lava iliyoingia ziwani italifanya ziwa lilipuke kwa gesi, litaulizwa tena siku nyingine. Anayetaka kulijibu hana budi kwanza kuelewa chumvi ya ziwa lile inavyofanya kazi.

Usuli

Ziwa Kivu limekaa mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 2,400, na kina chake kikubwa ni mita 485. Goma na Gisenyi ziko ufukwe wa kaskazini. Bukavu iko kusini, mahali Mto Ruzizi unapotoka kuelekea Ziwa Tanganyika.

Kwa mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, ziwa ni zile mita 60 hivi za juu. Pepo za kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, huyakoroga maji hayo na kuyapa oksijeni. Chini ya hapo oksijeni hukatika, na samaki hawaishi. Huko chini kuna hazina na hatari kwa wakati mmoja: kabonidayoksaidi inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 300, na methani kama kilomita za ujazo 60, kama gesi hizo zingepimwa zikiwa huru juu ya maji. Kabonidayoksaidi hutoka ardhini, kwenye miamba ya volkano. Methani hutengenezwa na vijidudu humohumo ziwani, kutokana na mabaki ya viumbe na kabonidayoksaidi yenyewe.

Gesi hiyo haiondoki kwa sababu maji yanayoibeba hayapandi. Kwa nini hayapandi ndiyo sehemu ya kisa inayohitaji utulivu wa msomaji.

Katika maziwa mengi, maji ya uvuguvugu huelea juu na ya baridi hukaa chini. Kivu limeanza hivyo: juu ni kama digrii 24, na ukishuka mita 80 hivi unakuta karibu digrii 23. Lakini kuanzia hapo halijoto inageuka na kupanda, hadi kufika karibu digrii 26 sakafuni. Maji ya moto zaidi yako chini ya maji ya baridi zaidi. Kwa kuangalia joto peke yake, ziwa hili lingekuwa linajipindua kila siku.

Kinacholizuia ni chumvi. Karibu na uso, kila kilo ya maji ina kama gramu 1 ya chumvi. Sakafuni ni kama gramu 6. Katika maji ya joto la namna hii, gramu 1 ya ziada katika kilo huongeza uzito wa maji kiasi kilekile ambacho kungeuongeza kuyapoza kwa digrii 3 hivi. Gramu 5 za tofauti, basi, ni sawa na digrii 15 za kupoza, ilhali joto linalosukuma maji juu ni digrii 3 tu. Chumvi inalishinda joto mara tano. Kabonidayoksaidi iliyoyeyuka huongeza uzito kidogo upande wa chumvi, na methani huupunguza kidogo. Chumvi, joto na kabonidayoksaidi huingia pamoja kupitia chemchemi zilizo chini ya maji, na chemchemi hizo ndizo zinazolisha ule mpaka mkuu wa matabaka, karibu na kina cha mita 260, ambapo chumvi na gesi huongezeka ghafla.

Sasa fikiria joto na chumvi vikitaka kupenya kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Kwenye maji yaliyotulia, joto husambaa kwa kasi ya karibu mara 100 kuliko chumvi. Kwa hiyo mpakani joto linapita, chumvi inabaki. Maji yaliyo juu tu ya mpaka hupata joto bila kupata uzito. Yanakuwa mepesi, yanapanda kidogo, yanazunguka kama maji ya sufuria iliyoinjikwa, kisha yanakwama chini ya mpaka unaofuata. Maji yaliyo chini tu ya mpaka hupoteza joto huku yakibaki na chumvi yake. Yanakuwa mazito, yanashuka, nayo yanazunguka. Mchezo huu ukirudiwa kwa miaka, ziwa linajipanga kama ngazi: tabaka lililochanganyika vizuri, mpaka mwembamba mkali, tabaka jingine, mpaka mwingine. Msafara wa watafiti kutoka Marekani uliopima Kivu mwaka 1972 ulileta data iliyoonyesha vipandio hivyo, na uchambuzi wake ukachapishwa 1976. Vyombo vya kisasa zaidi vilikuja kuhesabu mamia ya vipandio, vingi vikiwa na unene wa kama nusu mita.

Jambo la ajabu, na la kutuliza moyo, ni kwamba ngazi hii ni njia ya ziwa kutoa joto bila kuachia chumvi. Joto la chini linavuja polepole kwenda juu, uzito unabaki pale ulipo. Ziwa lenye matabaka ya namna hii halikai limekaza kama springi ya saa likisubiri kuguswa. Linapumua. Mtu asiyelijua hilo akisikia kwamba chini kuna maji ya moto yenye gesi, atadhani ni bomu, na hapo ndipo tunaingia kwenye kisa chenyewe.

Yaliyotokea

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002, nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini wa Mlima Nyiragongo. Lava iliteremka kuelekea Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikakata katikati ya mji na kuingia ziwani. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji iliteketea, watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makazi, na mamia ya maelfu wakavuka kwenda Gisenyi au kukimbilia magharibi. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, vita vikiendelea, na huduma za serikali zilikuwa dhaifu mno.

Wengi walianza kurudi ndani ya siku chache, ardhi ikiwa bado inatetemeka. Kwenye ufukwe waliona maji yameingia pasipokuwa na maji. Ardhi ndiyo ilikuwa imeshuka, kwa makumi ya sentimita mahali pengine, lakini aliyesimama pale aliona ziwa linapanda. Pembeni mwa miamba ya lava mpya mvuke ulikuwa ukifuka kutoka majini.

Hofu ya gesi haikuwa ngeni. Watu wa Goma wanayajua mazuku, yale mabonde madogo ambamo kabonidayoksaidi hutuama na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto. Pia ilikuwepo kumbukumbu ya Kameruni. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu la kabonidayoksaidi lililoua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Miaka miwili kabla yake Ziwa Monoun lilikuwa limeua 37. Kivu lina gesi ya Nyos kama mara elfu moja, na kandokando yake waliishi watu kama milioni mbili. Swali likawa midomoni mwa kila mtu, kuanzia kambi za wakimbizi hadi ofisi za Umoja wa Mataifa: lava imeingia ziwani, je, ziwa litalipuka?

Maamuzi, na sababu zake

Wiki tatu hadi nne baada ya mlipuko, kikundi cha wapimaji wa maziwa kilikuwa juu ya maji. Waliamua kushusha vyombo vya kupima vitu vinne kwa kila kina: halijoto, uwezo wa maji kupitisha umeme, utusitusi wa maji, na kiasi cha mwanga unaopenya.

Uchaguzi huo unastahili kusomwa kwa makini. Halijoto inaeleza joto la lava limefika wapi. Upitishaji umeme ndiyo njia ya haraka ya kuijua chumvi, na chumvi ndiyo nguzo ya ziwa. Kupima joto bila chumvi katika Kivu ni kusoma nusu ya barua. Utusitusi na mwanga vinafichua vumbi la lava. Kwa nini vumbi? Kwa sababu maji yaliyobeba vumbi jingi huwa mazito, na yanaweza kuteremka kwa mkondo kando ya mteremko wa sakafu hadi chini kuliko joto lenyewe lingefika. Kama kulikuwa na njia yoyote ya lava ya ufukweni kuvigusa vina vya gesi, mkondo wa vumbi ulikuwa mmojawapo.

Uamuzi mwingine ulikuwa kulinganisha. Mchoro mmoja wa halijoto hausemi mengi. Mchoro wa karibu na lava ukiwekwa kando ya mchoro wa mbali, na yote miwili ikiwekwa kando ya vipimo vya miaka ya 1970, ndipo mtu anaweza kusema kipi kimebadilika na kipi kilikuwepo tangu zamani.

Gesi yenyewe haikuwa kipimo cha kwanza, na naona hilo lilikuwa sahihi. Ukivuta maji ya mita 300 kwa chupa ya kawaida, gesi inatoka njiani kabla hujafika juu, na namba unayopata ni pungufu. Matabaka yakiwa mahali pake, gesi nayo iko mahali pake. Hilo lilitosha kwa swali la dharura.

Matokeo

Lava iliyoingia ziwani ilikadiriwa kuwa mita za ujazo milioni moja. Dalili zake zilionekana majini karibu na ilikoingilia. Lakini muundo mkuu wa matabaka haukuwa umebadilika kwa kiasi cha kutia hofu. Mpaka mkuu ulikuwepo, chumvi ilikuwa chini kama zamani, na jibu likatolewa kwamba mlipuko wa gesi haukuwa umekaribia.

Ulinganisho ule ulileta pia jambo ambalo halikuhusu lava: maji ya juu yalikuwa yamepata joto zaidi tangu miaka ya 1970, na mabadiliko ya tabianchi yalitajwa kama chanzo. Lava ilitisha, lakini badiliko lililodumu lilikuwa limetoka angani.

Uchambuzi

Nimefanya hesabu za mkono ambazo nadhani kila ofisa wa maafa wa eneo lile anapaswa kuweza kuzirudia. Chukua mita za ujazo milioni moja za lava, uzito wa tani 2.5 kila moja, na kila kilo ikitoa jouli milioni 1.5 inapopoa na kuganda. Sambaza joto hilo lote katika maji ya ziwa, ambayo ni kama kilomita za ujazo 550. Ziwa litapata joto chini ya sehemu mbili za elfu ya digrii. Jua, likichukuliwa kwa wastani wa usiku na mchana wa wati 200 kwa kila mita ya mraba, hulipa Ziwa Kivu kiasi hichohicho cha joto kwa saa mbili na dakika chache.

Hesabu hiyo inaondoa hofu moja, lakini isitumike kuondoa hofu zote. Wastani wa ziwa zima huficha kinachotokea mahali pamoja. Hapo ndipo mahali lava ilipoingilia panakuwa na uzito kuliko wingi wake. Lava ya 2002 iliingia kutoka ufukweni. Joto lake liliyapata maji ya juu, na maji ya juu yakipata joto huelea zaidi. Kwa maneno mengine, matabaka yanaimarika. Lava ileile ingetoka sakafuni, mita 400 chini, hesabu ingekuwa nyingine. Ili maji ya sakafuni yaishinde chumvi yake na kupanda hadi juu, yanahitaji kupashwa digrii kati ya 10 na 15 hivi. Kilo moja ya lava ina joto la kuzipasha kilo 24 hadi 36 za maji kiasi hicho, endapo joto halipotei kwa kuchanganyika njiani.

Maji hayo yakipanda, nini kinafuata? Mapovu hutokea pale shinikizo la gesi iliyoyeyuka linapozidi shinikizo la maji yaliyo juu yake. Katika sehemu yenye gesi nyingi zaidi, shinikizo la gesi ni kama nusu ya lile la maji. Kwa hiyo maji ya mita 300 yangelazimika kuinuliwa hadi karibu mita 150 ndipo yaanze kutoa mapovu. Umbali huo ndio akiba ya usalama ya watu wa Kivu. (Methani, ingawa ni kidogo kuliko kabonidayoksaidi, ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya shinikizo hilo, kwa sababu haipendi kuyeyuka majini. Mara nyingi watu huogopa gesi iliyo nyingi na kuisahau hii.)

Kwa hiyo swali la "lava ina joto kiasi gani?" lilikuwa swali dhaifu. Lenye nguvu ni: "je, kuna kitu kinachoweza kuyainua maji ya chini ya mita 260 kwa zaidi ya mita 100?" Kikundi kile kilipima kana kwamba swali la pili ndilo lililoulizwa, na hapo ndipo mafanikio yao yalipo.

Yaliyokwama yalikuwa nje ya boti. Wiki tatu ni muda mrefu kwa mama aliyelala na watoto wake mita mia mbili kutoka ufukweni. Hapakuwa na chombo kilichoachwa ziwani kikipima mfululizo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema siku ya pili au ya tatu kama matabaka yametikisika. Vipimo vya kulinganishia vilikuwa vya karibu miaka 30 nyuma. Kama visingekuwepo kabisa, michoro ya 2002 ingebaki bila tafsiri, na nafikiri kazi ile ya 1972, iliyofanywa kwa udadisi wa kisayansi tu, ililipa gharama yake yote katika juma moja la Februari.

Tatizo la tatu ni namba za gesi. Utafiti uliochapishwa 2005 uliripoti kwamba methani ilikuwa imeongezeka hadi asilimia 15 katika miongo mitatu. Taarifa hiyo ilizunguka sana, na watu wengi bado wanainukuu kama ushahidi kwamba ziwa linajaa. Kisha ukafanywa ulinganisho wa vipimo vya vikundi na mbinu tofauti, ukachapishwa 2020, na hitimisho lake lilikuwa kwamba gesi iko karibu na hali ya usawa, bila ongezeko la hatari. Ugumu wa kuleta maji ya kina hadi juu bila kupoteza gesi ndio unaofanya namba za zamani na za sasa zisilingane kirahisi. Anayefundisha kuhusu Kivu leo akiendelea kutoa ile asilimia 15 bila kutaja utafiti wa 2020 anawatisha watu pasipo haki.

Mei 2021

Nyiragongo ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Safari hii lava haikufika ziwani. Lakini magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao haujatoka nje, ilisafiri chini ya ardhi kuelekea kusini, chini ya Goma na chini ya ziwa lenyewe, na tarehe 27 Mei viongozi wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mamia ya maelfu waliondoka. Ziwa halikupinduka.

Wako waliosema baadaye kwamba amri ile ilikuwa ya kupita kiasi, wakitoa mfano wa 2002: lava iliingia kabisa na hakuna kilichotokea. Sikubaliani nao. Mfano wa 2002 unahusu lava ya ufukweni, iliyopasha maji ya juu. Magma iliyo chini ya sakafu ndiyo hali pekee kati ya hizi mbili inayoweza, kimsingi, kuweka joto mahali pabaya. Matokeo ya matukio yote mawili yalifanana, lakini ya kwanza hayakutoa kibali cha kupuuza la pili.

Elimu hiihii sasa inatumika kila siku, hata mlima ukiwa umetulia. Upande wa Rwanda, mtambo wa megawati 26 huvuta maji ya kama mita 350, huyatoa methani kwa ajili ya umeme, na huyarudisha ziwani kwenye kina cha mita 240. Maji yanayorudi yamepungukiwa gesi lakini yana chumvi yake karibu yote, kwa hiyo hutafuta kimo ambacho uzito wake unalingana na wa jirani zake. Yakirudishwa juu mno, chumvi na virutubisho vya kina vingeingia kwenye maji ya sambaza. Yakirudishwa chini mno, yangeipunguza nguvu methani iliyobaki. Na yakirudishwa ovyo kwa miaka mingi, yangeulainisha mpaka wa mita 260, ambao lava ya 2002 haikuufikia. Ndiyo maana masharti ya uchimbaji wa gesi yanataka matabaka yapimwe tena na tena, chumvi pamoja na joto, mtambo ukiendelea kufanya kazi.